Wapenzi wa mapicha ya bei rahisi, mazombi na majitu ya sayari za mbali, tukutane hapa (steringi anaruhusiwa kufa)

#1 Deki Kuukuu

Habari zenu wakuu. Humu ndani kila nikifungua nakutana na tamthilia za Kikorea na za Kituruki, nani kamwacha nani, nani mtoto wa nani. Sina ugomvi nazo, mama watoto anaziangalia na mimi nasikilizia nikiwa jikoni. Ila leo naomba kona ya watu wa aina yangu: wale ambao tukimwona zombi amevaa saa ya mkononi tunarudisha nyuma kuhakikisha kama inatembea.

Nazungumzia picha za bei rahisi. Mazombi, nyoka wa mpira, majitu yaliyoshuka kutoka angani na zipu inaonekana mgongoni. Wamarekani wanaziita za daraja B, na jina hilo lina asili yake. Miaka ya 1930 uchumi wao ulipoporomoka, kumbi za sinema zikaanza kutoa picha mbili kwa tiketi moja ili watu waje. Ya kwanza ndiyo yenye mastaa na pesa. Ya pili, ya nyongeza, ndiyo B. Kama muuza nyanya anavyokuongezea ile moja iliyobonyea. Mimi hiyo iliyobonyea ndiyo naipenda.

Ugonjwa huu niliupatia Mburahati, mwishoni mwa miaka ya tisini. Kibanda cha mabati, mabenchi ya mbao zilizokwisha kutumika kumwagia zege, TV ya inchi 21, na deki imefunikwa kitambaa cha kufuma kama mwali. Kiingilio shilingi 50. Ukikosa hamsini unamchotea mwenye kibanda ndoo mbili za maji, unaingia. Siku hiyo ubaoni kaandika kwa chaki: PICHA LA WAFU, LINATISHA, WAJAWAZITO MARUFUKU. Mimi nikachota maji mbio.

Picha likaanza. Halina rangi.

Jamaa mmoja wa benchi la mbele akanyanyuka, akaipiga TV kofi la ubavuni. Wapi. Mwenye kibanda akasimamisha, akatoa mkanda, akafungua deki, akafuta kichwa kwa pamba yenye spiriti, akaipuliza, akarudisha. Nyeusi na nyeupe vilevile. Akatugeukia: "Ndivyo lilivyo. Asiyetaka atoke, hela hairudi."

Hakutoka mtu, kwa sababu dakika chache baadaye ametokea steringi, na steringi mwenyewe mweusi. Kibanda kizima kikashangilia. Sisi tulishazoea kwenye picha za Marekani mweusi ndiye wa kwanza kufa, na akifa anakufa akiwa anachekesha. Huyu anapigilia mbao madirishani, anapanga mikakati, anamzaba kofi mzee mbishi anayetaka wote wajifungie stoo ya chini. Mle ndani tukagawanyika mara mbili: kambi ya stoo ya chini na kambi ya ghorofani. Watu wanarushiana maneno kama wajumbe wa nyumba kumi. Kuna kuli mmoja wa bandarini, mtu mzima kabisa, alisimama kutueleza kwa mifano namna ya kulinda ghala.

Sasa mwisho. (Kama hujaiona, pole, umekuwa na muda tangu 1968.) Kumekucha, wenzake wote wamekufa, steringi kapona peke yake. Anasikia watu wa msako wanakuja na mbwa na bunduki, anachungulia dirishani. Wale wakadhani zombi. Risasi moja ya kichwa. Picha limeisha.

Mle ndani palikaa kimya nikasikia feni ya deki. Kisha sauti ikatoka nyuma: "Mkanda wa pili uko wapi?"

Vijana wa leo hamtaelewa. Kwenye vibanda sheria ilikuwa moja tu: steringi hafi. Akipigwa risasi, ana daftari mfuko wa shati. Akianguka na ndege, yuko chini ya maji anatafuna jani. Mwenye kibanda aliapa kwa jina la marehemu mama yake kwamba hakuna mkanda wa pili, na nusura apigwe. Yule kuli hakunyanyuka. Akasema, "Siondoki mpaka aamke." Alikaa pale mpaka picha lililofuata likaanza, la makarate, akiwa bado amenuna.

Miaka mingi baadaye ndiyo nikajua lile picha ni Night of the Living Dead la George Romero, lilichezwa pembeni ya jiji la Pittsburgh kwa dola kama 114,000 hivi, na ile damu tuliyoifumbia macho ilikuwa sharubati ya chokoleti. Haikuwa na rangi, nani angejua? Yaani kile kilichofanya jamaa aipige TV kofi ndicho kilichoficha chokoleti. Nilicheka peke yangu kwenye daladala mpaka konda akaniuliza kama niko salama.

Basi hoja yangu ni hii. Watu wanadhani tunaangalia picha hizi ili tuzicheke. Tunacheka, sikatai. Lakini mimi nachotafuta ni mkono wa mtu. Picha la mamilioni ya dola limefichwa kila kitu, limepigwa pasi, huoni nani kafanya nini. Hili la bei rahisi unaona kabisa hapa hela iliisha, hapa jua lilikuwa linazama wakakimbizana, hapa jirani kaombwa avae kinyago. Peter Jackson, huyuhuyu aliyekuja kutengeneza Lord of the Rings, picha lake la kwanza refu, Bad Taste la 1987, lilimchukua kama miaka minne ya kushuti wikiendi na marafiki zake kule New Zealand. Vinyago vya majitu ya angani aliviokea kwenye jiko la mama yake. Ninapoliangalia namwona mama amesimama mlangoni anauliza mkate wake atauoka lini.

Karibuni. Leteni vyenu.

#2 Bisi za Mama

Nimetandika mkeka, karanga ninazo. Endeleeni.

#3 Binti Ilala

Kaka umenikumbusha mbali. Ila nikubishie kidogo. Mimi zombi hajawahi kunitisha. Mtu anatembea kama mlevi wa mbege, unamwacha kwa hatua tatu, wa kuogopa nini? Kilichonitisha mimi ni vya kwetu. Nsyuka na Shumileta, kazi za Mussa Banzi. Lile jini Shumileta, mwanamke mrembo, nililiangalia kwa jirani tukiwa tumejazana sebuleni watoto kumi na kitu. Nyumba yetu choo kilikuwa nje, uani, unapita chini ya mwembe. Nilibana mkojo mpaka asubuhi wiki nzima, na dada yangu mkubwa alikuwa ananidai shilingi mia kila nikitaka anisindikize.

Na ubora wa picha? Taa moja, sauti inakwaruza, ukutani kalenda ya mwaka mwingine. Haikupunguza kitu. Zombi ni mgeni, hatujui ukoo wake. Jini tumelisikia kwa bibi kabla hatujaliona kwenye CD. Mtengenezaji kazi nusu kamaliziwa na bibi yangu, bure.

#4 Sikubali

Mnajitekenya na kucheka wenyewe. Picha bovu ni bovu. Mtu na akili zake anakesha kuangalia papa wanaruka kwenye kimbunga? Muda huo tafuteni hela.

#5 Deki Kuukuu

@Binti Ilala hiyo ya kumaliziwa kazi na bibi nimeikubali, naiba.

@Sikubali mkuu, Sharknado ya 2013 wala siitetei. Hapo tuko pamoja. Hiyo ilitengenezwa kwa makusudi iwe ya kipuuzi, wakaona inalipa, wakafikisha sita. Ubovu wa kujitengeneza hauna ladha, ni kama mtu anayejifanya mlevi harusini ili achekwe. Picha bovu lenye raha ni lile ambalo mwenyewe alikuwa amekaza, anaamini kabisa anatengeneza la kutikisa dunia.

Mfano Ed Wood na Plan 9 from Outer Space. Alikuwa na vipande vichache vya mwigizaji Bela Lugosi, mzee aliyevuma kwa Dracula. Mzee akafariki 1956 kabla picha halijaanza kutengenezwa rasmi. Wewe ungefanyaje? Ungeahirisha. Wood akamchukua mtaalamu wa kunyoosha migongo aliyekuwa anamtibu mkewe, mrefu kuliko marehemu, hawafanani hata kisigino, akamvalisha joho, akamwambia: ficha uso kwa mkono, tembea. Ndivyo alivyomaliza. Mwaka 1980 likatangazwa picha baya kuliko yote. Nami nakwambia kila likifika pale jamaa anapita na mkono usoni kama anayejificha mdai wake, nasimama kwa heshima. Na hela za kulitengeneza zilitoka kwa waumini wa kanisa la Kibaptisti! Alipitisha bakuli la sadaka akatoka na wachawi wa angani.

#6 Fundi Rimoti

Mimi kazi yangu ni kutengeneza TV na redio kwa hiyo naangalia ufundi. Kuna watu husema vile visahani vya angani vinavyoruka kwenye Plan 9 ni sahani za chakula au vifuniko vya tairi, hapana. Ni vile vya plastiki vya watoto vya kuunganisha, vya dukani, vimetundikwa kwa uzi. Uzi unauona.

Ila bingwa wangu ni Sam Raimi. The Evil Dead walikwenda kulishuti porini Tennessee mwaka 1979, mwenyewe ana miaka 20. Unakumbuka pale kitu kisichoonekana kinakimbia msituni, kinakatiza miti, unahisi kinakujia wewe? Hawakuwa na mtambo wa kuituliza kamera. Waliifunga katikati ya ubao, mmoja akashika huku, mwingine huku, wakakimbia nayo karibu na ardhi. Basi. Nilipojua hilo nilikaa chini. Mimi na mdogo wangu tulijaribu kwa simu na ubao wa kukatia mboga, kwenye korido ya nyumba ya kupanga, jirani akatoka na mwiko akidhani tumekimbiza kuku wake. Lakini kale kavideo kanatisha, naapa.

Damu yao ilikuwa sharubati ya mahindi iliyotiwa rangi. Inanata. Wanaojua baridi ya porini pale usiku watawahurumia. Raimi huyohuyo ndiye aliyekuja kuongoza Spider-Man ya 2002.

#7 Chizi Maarifa

Kuna mtu ameigusa Anaconda ya 1997? Kuna sehemu boti linaondoka, nyuma yake maporomoko ya maji YANAPANDA JUU. Walilirudisha picha nyuma-mbele wakadhani hatutaona. Kibanda chetu Tandika tuliona. Mtu mmoja alisema ndivyo mito ya Brazil ilivyo, tukamwamini kwa sababu alikuwa anasoma sekondari.

#8 Deki Kuukuu

😂😂 "Alikuwa anasoma sekondari." Mbavu sina.

#9 Mzee wa Avalon

Vijana, nimesoma kimya nikaona nichangie. Mnaongelea vibanda, sawa. Sisi hapa Dar tulikuwa na kumbi za sinema, Avalon, Empire, Empress, Odeon, na Drive-In iliyofunguliwa 1966, pale ulipo ubalozi wa Marekani sasa. Televisheni Tanzania Bara tumeipata 1994, kwa hiyo ukisema picha, ni kwenda. Unapiga pasi suruali.

Sasa Drive-In ni ya wenye magari, kila gari na spika yake dirishani. Sisi tusiokuwa na gari kulikuwa na mahali pa kuchungulia kwa nje. Picha unaiona, sauti huipati. Basi kila mmoja anachukua mhusika wake. Rafiki yangu alikuwa fundi wa kuigiza sauti za wanawake wa Kizungu wanaopiga kelele dudu linapotokea. Mpaka leo sijui picha nyingi za wakati ule zilikuwa zinahusu nini kwa hakika. Ninazijua kwa maneno yetu. Mara moja niliirudia ukumbini, na sauti yake, nikaona yetu ilikuwa nzuri zaidi. Yule tuliyemfanya mchawi kumbe ni daktari.

#10 Deki Kuukuu

Shikamoo mzee wangu. Huo mchango wako ndio uzi wenyewe, mimi nimeweka utangulizi tu.

Na umenifungulia kitu. Hayo mliyokuwa mnafanya nje ya uzio ndiyo alikuja kuyafanya Lufufu, yule mtafsiri wa picha kwa Kiswahili, kwenye mikanda na CD. Kizazi changu kimejua picha za Marekani na za Wachina kwa sauti yake. Hakuwa anatafsiri tu, anakwambia huyu jambazi tabia yake mbaya tangu utotoni, huyu dada msimwamini. Picha likiwa limepwaya katikati, dakika kumi watu wanatembea tu korido, yeye anajaza. Picha za daraja B zimejaa dakika kumi za kutembea korido. Zilimhitaji kuliko zingine. Mpaka leo nikiangalia zombi bila mtafsiri nahisi chakula hakina chumvi.

#11 Mwana wa Kampala Road

Hapo umefika nyumbani kwetu. Niko Dar mwaka wa sita sasa lakini nimekulia Uganda, na nashangaa mmefika #10 hamjaitaja Wakaliwood. Wakaliga, Kampala, kitongoji cha kawaida kabisa, mfereji wa maji machafu unapita. Isaac Nabwana anatengeneza picha za mapigano kwa kompyuta alizoziunganisha mwenyewe. Helikopta wamechomelea kwa vyuma chakavu. Damu ni rangi ya chakula ndani ya kondomu, inafungwa kwa uzi wa kuvulia samaki, ukivuta inapasuka kifuani.

Picha lao Who Killed Captain Alex? la 2010, bajeti inatajwa kuwa chini ya dola 200. Dunia nzima wameliona. Na jambo ambalo watu hawalijui: nakala halisi haipo tena. Kompyuta ilijaa, akalifuta ili apate nafasi ya kutengeneza linalofuata. Kilichobaki ni nakala yenye sauti ya mtafsiri wao, VJ Emmie, juu yake, anashangilia, anatania, anawatangaza waigizaji kama mpira. Huwezi tena kuliona bila yeye. Mtafsiri ameoana na picha, hakuna talaka.

#12 Binti Ilala

Alifuta ili atengeneze lingine 😭 Mimi picha za harusi yangu nimezihifadhi sehemu nne na hakuna anayeziomba.

#13 Sikubali

Nimerudi. Jana nimeangalia hiyo ya kwenye #1 kwa simu, usiku, peke yangu. Nasema kwa haki: inasinzisha mwanzoni. Pale mwishoni lakini... yule jamaa hakustahili. Nimelala saa nane.

#14 Kuli Mstaafu

Hata mimi siondoki mpaka aamke.

#15 Deki Kuukuu

@Sikubali umekosea kitu kimoja tu, kuiangalia peke yako. Picha hizi ni kama bao, haichezwi na mtu mmoja.

Nakupa ya pili, na hii tafuta wenzako angalau watatu: They Live ya John Carpenter, 1988. Steringi ni Roddy Piper, wale wapenzi wa mieleka mnamfahamu. Kibarua wa ujenzi anaokota miwani, akiivaa anaona matajiri wengi ni majitu ya angani na mabango yote ya matangazo yanasema TII. Sasa anataka rafiki yake naye aivae. Rafiki hataki. Wanapigana uchochoroni zaidi ya dakika tano, ngumi, magoti, kuangushana kwenye takataka, kisa kuvaa miwani. Unafika mahali unasema wameacha, kumbe mmoja alikuwa anapumua tu. Tulipoionyesha Tabata, dakika ya kwanza watu wanashangilia, ya pili wanacheka, ya tatu wamenyamaza, ya nne bibi mmoja mwenye nyumba akasema kwa upole, "Mwanangu si uivae tu."

Mnaouliza kule pembeni wapi pa kuzipata: hiyo ya Romero ni halali kabisa kuipakua bure, kwa sababu walipolibadilisha jina dakika za mwisho ile alama ya hakimiliki ikabaki kwenye jina la zamani, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule picha likawa mali ya umma. Mtu katengeneza mazombi ya dunia nzima halafu kakosa haki kwa mstari mmoja wa maandishi. Zingine nendeni kwa yule kijana wenu wa kuwekea muvi kwenye flashi, ila msimtajie "za kisayansi", atawapa za roboti wa juzi. Mwambieni "za zamani, zile mbovu". Atawaangalia vibaya, vumilieni.

#16 Bisi za Mama

Tabata ndiyo wapi huko mnakoangalia? Na sisi tunakuja?

#17 Deki Kuukuu

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, uani kwa rafiki yangu. Nimekutumia maelekezo pembeni. Tuna projekta ndogo ya mkopo na spika ya kigodoro. Anayesinzia ananunua chipsi mayai za watu wote, kwa hiyo njoo umelala mchana. Mwezi huu ni Godzilla ya 1954, Wajapani, ile ya mtu ndani ya vazi la mpira anakanyaga nyumba za maboksi. Mvua ikinyesha tunahamia koridoni.

#18 Fundi Rimoti

Waya wa kuvutia umeme naleta mimi. Swali moja tu, lile shuka la kuonyeshea picha mmebadilisha? Maana safari ile mlitundika lile la maua, Captain Alex amekufa na mawaridi kifuani watu wakadhani ndiyo damu.

#19 Deki Kuukuu

Shuka ni lilelile. Nimeligeuza, sasa mawaridi yako chini kulia. Yakimfikia Godzilla, yatamfikia miguuni.